Manjaniki: nani aliitunga, na je, imekufa kweli?

#1 BabaNasra (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu wa miaka tisa karudi madrasa Ijumaa akaniuliza, "Baba, manjaniki ni nini?" Walikuwa wanasomeshwa kisa cha Nabii Ibrahim: moto wa Namrudi uliwaka hadi hakuna aliyeweza kuusogelea, ikabidi wamtie kwenye manjaniki wamrushe kutoka mbali. Nikamjibu haraka haraka kuwa ni manati kubwa. Hakuridhika, na mimi pia sikuridhika.

Usiku nikaingia mtandaoni. Nimekuta mtambo wa mbao kwenye ngome ya Warwick, Uingereza, uliojengwa 2005: kimo chake mita 18, uzito tani 22. Watu wanne wanatembea ndani ya magurudumu makubwa mawili mpaka sanduku la uzito linapanda juu. Wakishatoka, mmoja anavuta kamba, sanduku linaporomoka, jiwe linaondoka. Video hiyo nimeirudia mara sita.

Sasa hoja yangu. Video zote nilizoziona ni za Uingereza, Ufaransa na Denmark. Naona huu ni ubunifu wa Wazungu wa zama za kati, na masimulizi yetu yaliazima jina tu. Baruti ilipoingia mtambo ukafa, umebaki wa watalii. Nipo sahihi au nimepotea?

#2 Mwamiaji
Umeanza kupotea kwenye manati, mkuu. Manati ni mpira na panda ya mti. Hapo unapaswa kumwambia mtoto teo, wengine husema kombeo: kamba mbili na kipande cha ngozi katikati, unazungusha, unaachia ncha moja. Huo mtambo wako ni teo lililofungwa kwenye ncha ya mti mrefu.

Nimekulia Mbarali. Mpunga ukianza kuiva tunapanda dunguni kuamia kwelea kwelea, teo mkononi na madonge ya udongo pembeni. Ukiachia mapema donge linakwenda juu tu. Ukichelewa linajikita mbele ya miguu yako. Kazi yote ipo pale pa kuachia. Swali langu kwa wanaojua: mkono wa mtu unahisi saa ya kuachia, mbao inajuaje?

#3 IbnuSalim_Unguja
Assalam alaykum. Shekhe BabaNasra, mwambie binti vizuri, maana watoto hukamata neno la mzazi. Qur'ani haikutaja manjaniki. Katika As-Saffat walisema ajengewe jengo kisha atupwe motoni, na katika Al-Anbiyaa moto ukaamrishwa uwe baridi na salama. Manjaniki imo katika tafsiri na visa vya mitume.

Lakini kusema ni ya Wazungu, hapana. Wasimulizi wa sira wanaitaja kwenye kuzingirwa kwa Taif mwaka wa 8 Hijria, yaani 630, na wapo wanaosema Salman al-Farisi ndiye aliyeshauri. Makka yenyewe ilipigwa kwa manjaniki mara mbili: 683, Al-Kaaba ilipoungua, na 692 Al-Hajjaj alipomzingira Abdullah bin Zubayr. Hiyo Warwick ilikuwa bado haina ngome.

#4 Mdurusi
Nimesoma #3. Kwa upande wa neno, manjaniki tumelipata kwa Waarabu, nao walilichukua kwa Wagiriki waliokuwa wakisema manganon. Mzizi huo huo ulikwenda Ulaya magharibi ukazaa mangonel. Kwa hiyo BabaNasra ana chembe ya haki: jina lina damu ya Kigiriki. Ila jina na kitu havisafiri lazima pamoja. Sisi tunasema "meza" kwa neno la Kireno, na hakuna anayedai kabla ya Vasco da Gama watu walikula chini tu.

#5 MtemiWaTabora
Mnazunguka Bahari ya Kati wakati jibu liko Uchina. Maandishi ya wafuasi wa mwanafalsafa Mozi, karne kadhaa kabla ya Kristo, yanaeleza mtambo huu kwa ajili ya kulinda kuta za miji. Wa kwao haukuwa na sanduku la uzito. Upande mfupi wa mti ulifungwa kamba nyingi, kundi la watu likazivuta kwa pamoja kama wavuvi wanavyovuta juya, jiwe likaruka upande wa pili.

Mwishoni mwa karne ya 6 Waavari, wapanda farasi kutoka nyika za Asia, walikuja nayo mbele ya kuta za Thesalonike, na askofu mkuu wa mji, Yohana, akaacha maelezo ya jinsi mawe yalivyoanguka. Kutoka hapo ikasambaa kwa Warumi wa Mashariki, Waajemi na Waarabu. Hata leo kete ya "pao" kwenye sataranji ya Kichina inabeba jina lililokuwa la mtambo wa mawe kabla ya kuwa la mzinga.

#6 Mama_Shemasi
Samahani wakubwa. 2 Mambo ya Nyakati 26 inasema mfalme Uzia alitengeneza Yerusalemu mitambo iliyobuniwa na mafundi stadi, ikawekwa juu ya minara, ya kutupa mishale na mawe makubwa. Uzia ni karne ya 8 kabla ya Kristo. Mbona hamwanzi hapo?

#7 MtemiWaTabora
Mama, umeleta kitu kizito, asante. Wasomi wamegawanyika juu ya aya hiyo. Wengine wanasema ni mitambo kweli. Wengine wanasema ni ngao za mbao juu ya minara, askari wakisimama nyuma yake kurusha mawe kwa mikono. Wengine wanaona mwandishi alikuwa anaeleza ya Uzia kwa vitu vya zama zake mwenyewe. Mimi nashikilia ngao.

#8 Mama_Shemasi
Na mimi nashikilia mitambo. "Iliyobuniwa" si neno la kutumia kwa ngao, baba yangu.

#9 Mwl_Mekanika
Nafundisha fizikia Morogoro, na kidato cha tatu huwa tunaitengeneza hii kila mwaka, kwa hiyo niruhusuni.

Msichanganye aina mbili. Ya #5 ni ya kuvutwa na watu. Ya Warwick ni ya uzito, na hiyo ni mtoto wa karne ya 12. Kati ya hizo mbili kuna tofauti kubwa sana. Watu huchoka, huvuta bila kulingana, mmoja akiteleza jiwe linapotea. Sanduku la mawe au risasi halichoki, na leo linashuka kama lilivyoshuka jana.

Ni wenzo wa kawaida. Egemeo liko karibu na uzito, upande wa jiwe mrefu mara nne au tano. Uzito unashuka kidogo polepole, ncha ndefu inakwenda mbali kwa kasi, halafu teo lililofungwa kwenye ncha hiyo linaongeza urefu tena. Uzito ukiwa kama mara 100 ya jiwe, mambo yanakaa sawa.

Mwamiaji, jibu lako ndilo somo ninalolipenda zaidi. Kamba moja ya teo imefungwa moja kwa moja. Ya pili ina pete iliyovikwa kwenye kidole cha chuma kwenye ncha ya mti. Teo linapozunguka linafika pembe ambayo pete inachomoka yenyewe. Kidole kikiwa kimenyooka, pete inatoka mapema, jiwe linapanda juu. Ukikikunja kidogo kwenda mbele, pete inachelewa, jiwe linakwenda mbele zaidi. Kwa hiyo mbao "inajua" kwa sababu fundi alikunja chuma.

Darasani mti wetu una mita 1.2, mfuko wa mchanga kilo 10, tunarusha ndimu. Mwaka jana kundi bora lilifika mita 27.

#10 Mwamiaji
Mwalimu, hapo umenigusa. Miaka yote kidole changu cha shahada ndicho kilikuwa hicho chuma.

#11 Fundi_Lamu
Mimi ni mwashi, naongeza la mawe. Hakuna aliyesema mawe yalichongwa. Ukirusha jiwe la kilo 60 sasa hivi na la kilo 75 baadaye, yatatua mahali tofauti na ukuta hautabomoka kamwe. Kubomoa ni kupiga palepale mara mia. Kwa hiyo nyuma ya kila manjaniki kulikuwa na waashi wanachonga mviringo kwa kipimo kimoja, kutwa nzima. Ndiyo maana mfalme Richard wa Uingereza alipokwenda kuuzingira mji wa Akka, Palestina, 1191 wanahistoria wa msafara wake wanasema alikuja na mawe magumu kutoka Messina, Sicily. Mtu habebi mawe baharini kwa starehe. Jiwe laini linapasuka likigonga, nguvu yake inaishia hewani.

#12 Mkenya_Jutland
Hapo #11 amesema kweli kabisa. Mimi niko Denmark, na kule Nykøbing Falster kuna makumbusho ya zama za kati walioijenga upya hii ya uzito 1989, kabla ya hao wa Warwick. Hata ile ya Warwick ilisimamishwa kwa ujuzi wa Wadenmark. Katika majaribio yao mawe ya kilo 15 yalikuwa yakiangukia ndani ya mraba wa mita 6 kwa 6, umbali wa mita 180. Nimesimama pale na wanangu. Usichotarajia ni ukimya: hakuna mlipuko, unasikia mbao zikilia tu, halafu teo linapiga hewa fyuuu, na jiwe lipo juu. Mwanangu mdogo alinishika mkono hakusema neno.

#13 BabaNasra
Nashukuru sana, nimekubali kuhusu Uchina na Taif. Lakini nibakizieni hii: aina ya uzito, ile ya kubomoa kweli, si ya Ulaya? Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, kule Stirling, Uskoti, 1304 alikuwa na kubwa iliyoitwa Mbwamwitu wa Vita, mafundi seremala wakuu watano na vibarua wapatao 50. Waskoti waliomba kusalimu amri, akawakatalia mpaka kwanza aujaribu mtambo wake juu ya ukuta wao.

#14 IbnuSalim_Unguja
Stirling ni 1304. Mardi bin Ali al-Tarsusi alimwandikia Salahuddin kitabu cha silaha kama 1187, na ndani yake kuna manjaniki ya uzito, tena yenye wavu uliojazwa mawe. Yeye mwenyewe anazigawa: ya Kiarabu ndiyo ya kutegemewa zaidi, ya Kituruki ndiyo ya gharama ndogo, na ya Kifaranga, yaani ya Wazungu. Mtu anayegawa kitu mafungu matatu anaandika juu ya kitu kilichozoeleka.

#15 MtemiWaTabora
Na kabla ya Tarsusi wapo wanaowapa Warumi wa Mashariki. Niketas Choniates anasimulia mtambo wa namna hiyo kwenye vita vya 1165 mpakani na Hungaria. Ubishi ni kama maneno yake yana maana ya uzito au kamba.

Wengine wanasoma majengo badala ya vitabu. Al-Adil, ndugu yake Salahuddin, alijenga upya ngome ya Dameski kuanzia 1203 kwa minara minene mikubwa mno. Kundi moja linasema unene huo ni hofu ya mawe mazito. Kundi la pili linasema minara ilipanuliwa ili manjaniki za walinzi zikae juu yake. La tatu linasema mitambo ya wakati huo haikuwa na nguvu kihivyo, Al-Adil alikuwa anaonyesha ukubwa wake kwa jamaa zake. Mimi naona la pili.

#16 Fundi_Lamu
Mwashi anaona la kwanza na la pili kwa pamoja. Ukuta mnene hujengwi kwa sababu moja.

#17 Kijana_Mara
Wakuu, mmewasahau Wamongolia. Marco Polo ndiye aliyewatengenezea manjaniki wakauteka mji wa Xiangyang, nimeisoma.

#18 Mdurusi
Kijana, umesoma alichodai. Xiangyang ilijisalimisha 1273, na Polo alifika kwa Kublai Khan karibu 1275. Waliotengeneza walikuwa mafundi wawili Waislamu kutoka Uajemi, Ismail na Alauddin. Kumbukumbu za nasaba ya Yuan zinasema jiwe lilikuwa na uzito wa kati 150 (kipimo cha Kichina), kama kilo 90 hivi, na lilipoanguka mshindo wake ulitikisa mbingu na nchi. Wachina wakaiita "pao ya Waislamu".

Hebu litazameni hilo. Mtambo ulianzia Uchina ukiwa wa kamba, ukaenda magharibi, ukarudi baada ya miaka zaidi ya elfu ukiwa wa uzito, na wenyeji wakauona mgeni.

#19 Kijana_Mara
Nimekubali, asante. Na ile ya Kaffa, bandari ya Crimea, 1346, Wamongolia walivyorusha maiti za tauni ndani ya mji na ugonjwa ukaenda Ulaya?

#20 Muuguzi_Kisumu
Hiyo ni ya kuchukua kwa tahadhari. Aliyeiandika ni Gabriele de' Mussi wa Piacenza, Italia, na inaelekea hakuwepo Kaffa. Maiti kurushwa inawezekana. Ila tauni hubebwa na viroboto na panya, nao hawakuhitaji kurushwa, walipita chini ya lango. Na meli za biashara ziliondoka bandari nyingi za Bahari Nyeusi. Kazini nimeona jinsi watu wanavyotafuta adui mmoja wa kumlaumu kwa maradhi.

#21 MtemiWaTabora
Dada, lakini kugusana na maiti nako huambukiza. Wapo wataalamu wanaoona kisa cha de' Mussi kinawezekana kitabibu, hata kama si chanzo pekee.

#22 Muuguzi_Kisumu
Kinawezekana ndani ya mji, sikatai. Nakataa kuipa Kaffa tauni ya bara zima.

#23 Nahodha_Mvita
Swali la pwani. Fort Jesus iliwahi kupigwa na mitambo hii?

#24 Fundi_Lamu
Nahodha, itazame tu Fort Jesus utajibu mwenyewe. Ilianzwa 1593, mchoraji Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano. Kuta zake hazikusimama wima kama mnara, zimelala kidogo, zimechongwa pembe pembe, nene, na nyingine ni mwamba wenyewe wa matumbawe uliokatwa. Huo ni ukuta wa enzi ya mizinga. Ngome ya enzi ya manjaniki inapanda juu kuwazuia wapanda ngazi. Ya enzi ya baruti inainama.

#25 BabaNasra
Basi hapo nimepona: baruti iliua manjaniki.

#26 Mkenya_Jutland
Iliua polepole sana, ndugu yangu. Mizinga ilikuwepo Ulaya tangu miaka ya 1320, na manjaniki ziliendelea zaidi ya karne nzima baada yake. Kisiwa cha Rhodes, 1480, Waturuki wana mizinga mikubwa, waliozingirwa wakaunda manjaniki wakaiita "Ushuru", wakawarudishia Waturuki mawe yao wenyewe. Mzinga wa mwanzo ulipasuka, ulikula baruti ya bei, ulipiga mara chache kwa siku.

#27 Mwl_Mekanika
Naongeza sababu nyingine: ujuzi. Jemadari wa Kihispania Cortés 1521, akiizingira Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki kule Meksiko, baruti ilimwishia akaamuru ijengwe moja. Jiwe likapanda juu moja kwa moja likarudi palepale. Wanafunzi wangu hucheka, nami huwauliza: kosa lilikuwa wapi? Wanajibu wote: kidole! Pete ilitoka mapema. Mafundi waliojua kuikunja chuma walikuwa wameshakufa.

#28 Mama_Shemasi
Naona ilikufa kwa miti. Mti mmoja mrefu, mnyoofu, usio na fundo, wa kubeba tani kadhaa, unaupata wapi baada ya miaka 300 ya vita?

#29 Nahodha_Mvita
Mama naye kila mara analeta yake, na kila mara tunakaa kimya dakika mbili tukifikiri.

#30 Umuhire_250
Habari kutoka Rwanda. Mnasema imekufa, mimi naiona ikifanya kazi. Muhanga, tangu Oktoba 2016, Zipline wanapeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani. Ile ndege hairuki kwa magurudumu, inafyatuliwa kwenye reli fupi inayoelekea juu, na kufumba na kufumbua inazidi kilomita 100 kwa saa. Ikifika inadondosha sanduku kwa parachuti ya karatasi, inarudi, inanaswa mkia kwa kamba. Nimesimama ng'ambo ya uzio nikaona inavyotoka. Shangazi yangu alijifungua usiku wa mvua, barabara imekatika, damu ikaja kwa njia hiyo. Kwangu hiyo ni manjaniki.

#31 Mwl_Mekanika
Umuhire, pole na hongera kwa shangazi. Kiufundi nitabisha kidogo: hakuna teo wala uzito unaoshuka, ni ndugu ya manati, kama mitambo ya mvuke ya meli za kubeba ndege, na ile ya sumaku-umeme ya USS Gerald R. Ford. Ukitaka ndugu wa teo, ni SpinLaunch kule New Mexico: 2021 walizungusha chombo ndani ya duara la mita 33 wakakiachia kuelekea angani.

#32 Umuhire_250
Mwalimu, nyumbani kwetu undugu hauhesabiwi kwa mfupa mmoja.

#33 Kijana_Mara
Kwenye magendo pia ipo. 2011, karibu na Naco mpakani mwa Arizona na Meksiko, jeshi la Meksiko lilikamata mtambo wa kurushia bangi juu ya uzio, pamoja na bangi yenyewe kama kilo 20. 2017 walinzi wa mpaka wa Marekani wakakuta mwingine umefungwa kwenye uzio karibu na Douglas.

#34 Mkenya_Jutland
Na vitani pia haikutoka. Waingereza walifyatua mabomu kwa mitambo ya mpira kwenye mahandaki 1915, Gallipoli pia. Waandamanaji wa Kyiv walijenga manjaniki ya mbao barabarani Januari 2014. Juni 2024 askari wa Israeli walionekana wakirusha moto kwa manjaniki kuvuka mpaka wa Lebanon, kuchoma vichaka. Ile ya mwisho niliitazama nikaizima. Nilikuwa nimezoea kuiona ya watoto.

#35 Muuguzi_Kisumu
Nakuelewa.

#36 BabaNasra
Wakuu, nimemsomea Nasra sehemu kubwa ya uzi huu leo baada ya Isha. Alipofika #9 akaniambia tutengeneze. Ninazo mbao za kitanda kibovu. Mwalimu, nianze na vipimo gani?

#37 Mwl_Mekanika
Mti sentimita 100. Egemeo kwenye 20 kutoka upande wa uzito. Teo sentimita 70 au 75. Chupa mbili za lita tano zijaze mchanga mkavu. Kidole ni msumari wa inchi tatu uliokatwa kichwa, kunja kidogo tu, kama nyuzi 20. Nasra asikae mbele wala nyuma ya mtambo, akae ubavuni, hatua kumi, na yeye ndiye avute kamba. Mkirusha mara tatu mniambie ndimu ilielekea wapi, tutarekebisha msumari.

#38 Mwamiaji
Anzeni na donge la udongo, si ndimu. Linaacha alama linapoanguka, mtapima vizuri.

#39 BabaNasra
Tumerusha asubuhi. La kwanza limekwenda juu likarudi karibu na mtambo, kama la Cortés. La pili hivyo hivyo. Nasra kaukunja msumari mwenyewe kwa koleo. La tatu mita 16, limepiga mlango wa choo cha jirani.

#40 Fundi_Lamu
Donge lilikuwa na uzito gani? Mlipima yote matatu?